Ukienda Casa Moreyra pale Lima, nenda mchana

Tangu nirudi Peru watu wananiuliza nilikula wapi, sasa nijibu mara moja kwa wote. Nilienda Astrid y Gastón, mgahawa ulio ndani ya jumba la Casa Moreyra, mara mbili, na ile ya kwanza niliiharibu mwenyewe.

Nilitua asubuhi nikabuku meza ya saa mbili usiku siku hiyohiyo, bila kukumbuka kwamba Lima iko nyuma ya Dar kwa masaa nane, yani mimi nakaa mezani mwili unajua ni saa kumi alfajiri. Sahani ya tatu inakuja nasinzia. Afu giza, nyumba yenyewe sikuiona kabisa, na nyumba ndo iliyonipeleka pale.

Mgahawa ulianza 1994 kule Miraflores, mtaa mwingine wa Lima, Gastón Acurio na Astrid Gutsche ndo waanzilishi, 2014 wakahamia hapa San Isidro, kwenye jumba la shamba la enzi za Wahispania lenye miaka zaidi ya 300. Shamba lilishamezwa na mji zamani, jumba limebaki, jeupe, katikati ya maghorofa. Kwahiyo fika kama nusu saa kabla ya meza yako uzunguke kwanza. Mimi nilisimama dirishani nikaingiza mkono, ukuta umenimeza mpaka kiwiko! Watu wa Lima zamani walijenga kwa matofali mabichi, na ghorofa za juu fito na udongo, kama nyumba ya bibi yangu tu, maana matetemeko ya kule hayana mchezo na fito zinayumba bila kuanguka.

Sababu ya pili ya kwenda mchana ni ceviche. Wenyeji wanaila mchana, toka zamani samaki wa asubuhi hasubiri usiku. Ndio ni samaki mbichi, msikimbie, ndimu inamuivisha: vipande pembeni vimekua vyeupe, ndani bado kama kioo, juu kitunguu chembamba na pilipili, pembeni kiazi kitamu na mahindi ya punje kubwa kama jino la farasi. Ule mchuzi wa ndimu unaobaki chini usiuache, chukua kijiko.

Msijaze meza, sahani ni ndogo ila zinashiba kimyakimya.

Na pisco sour, ile kokteli yao ya pombe ya zabibu na ndimu, moja inatosha jamani. Ina povu la ute wa yai juu, inashuka kama juisi, nikaagiza ya pili, na kofia yangu mpaka leo iko Lima.