Matope ya Usambara: kwa wewe unayeanza kuendesha baiskeli ya milimani wakati wa masika

Ukija Lushoto mwezi wa nne, kabla hujapanda baiskeli chota udongo wa njia unayotaka kupita, uminye kiganjani. Ukichuruzika maji na kubaki uji, panda twende. Ukifanya tonge linalong'ang'ania vidole kama ugali usioiva, hiyo ndiyo shida yenyewe, na ni afadhali uijue ukiwa bado umesimama.

Wageni wengi hudhani mvua ikizidi ndipo njia inapokuwa mbaya zaidi. Udongo wetu mwekundu ni mfinyanzi. Mvua inaponyesha kweli kweli unalainika, unarushwa na tairi na kuoshwa na madimbwi. Mvua ikikatika na jua likatoka, baada ya saa mbili tatu unashika kama gundi.

Mimi nilijifunza hili kwa gharama. Nilikuwa njia ya Magamba kuelekea Rangwi, mvua imekatika saa 5 asubuhi, nikafurahi kwamba sasa kunakauka. Hazikufika mita 300 udongo uliochanganyika na majani ukawa umejaa kwenye uma wa mbele na kwenye kibadilisha gia cha nyuma. Pedali zikawa nzito. Kilima kilikuwa mbele yangu, nikakanyaga kwa nguvu zaidi. Kibadilisha gia kikavutwa juu, kikaingia kwenye spoku, na kile kipande chembamba cha aluminiamu kinachokishikilia kwenye fremu kikakatika. Spoku 3 zikaenda nacho. Nilitoa mnyororo, nikautia mfukoni, nikaisukuma baiskeli hadi mjini. Fundi alikuwa na kila kifaa cha baiskeli ya Phoenix, ila kipande kile hakuwa nacho. Nilikaa wiki 2 bila baiskeli.

Kwa hiyo shika hili: pedali zikiwa nzito bila sababu unayoiona, shuka. Vunja kijiti, kwangua udongo kwenye uma, kwenye vigurudumu vidogo vya gia na mahali tairi linapopita karibu na fremu. Ukiona umekwangua mara 3 ndani ya nusu kilomita, ibebe begani hadi udongo ubadilike. Kubeba ni sehemu ya mchezo huu, na waendeshaji wazuri ninaowajua hubeba bila kuona haya. Kile kipande cha aluminiamu nunua cha akiba mapema, kinachofanana na fremu yako hasa, maana kila fremu ina umbo lake.

Matairi. Wengi huja na tairi pana wakiamini upana ndio mshiko. Kwenye mfinyanzi, tairi pana lenye meno mafupi yaliyobanana hujaa udongo likawa laini kama chupa. Mimi wakati wa masika nafunga tairi la inchi 2.1 lenye meno marefu yaliyoachana. Linachimba, linafika kwenye udongo mgumu wa chini, na linajisafisha lenyewe likizunguka. Upepo napunguza kidogo tu. Natumia tyubu za kawaida na nina kilo 70, kwa hiyo kiangazi najaza psi 35 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi), masika nashuka hadi 28 mbele na 30 nyuma. Ukishusha sana, ukigonga jiwe tyubu inabanwa kwenye rimu na unapata matundu mawili kwa mpigo, na kubandika kiraka mvua ikinyesha ni kazi usiyoitaka.

Sasa breki, na hapa ndipo ningependa unisikilize zaidi. Punguza mwendo pale ambapo tairi bado lina mshiko, kabla ya kona, kabla ya mizizi, kabla ya daraja la magogo. Ukishaingia penye utelezi, vidole viache breki, magurudumu yaendelee kuzunguka. Gurudumu linalozunguka hufuata usukani. Lililofungwa linateleza linakotaka. Ndani ya msitu wa Magamba mizizi hulala ikikatiza njia, imeng'aa kwa maji. Ikatize kama unavyovuka barabara, moja kwa moja, usiifuate kwa ubavu. Inua makalio kidogo kwenye kiti, viwiko vilegee, macho yatazame mita 5 au 6 mbele. Ukiutazama mzizi, utaufuata. Baiskeli itacheza chini yako, iache icheze. Anayeushika usukani kwa kuukaza ndiye huanguka.

Breki za diski ni bora kwa msimu huu. Kama una za kubana rimu, jua kwamba mchanga ulio kwenye matope unaisaga rimu kila unapobana, na kwamba kwenye mvua breki hushika kwa kuchelewa. Zibane kidogo kidogo mapema zikaushe rimu, ndipo ubane kwa nguvu.

Kuna jambo ambalo hakuna duka litakuuzia. Vijia hivi ndiyo barabara za watu. Asubuhi utakutana na mama ana tenga la kabichi kichwani analipeleka gulioni, na watoto wa shule viatu mkononi. Simama, shuka, muache yeye apite upande wa mlima, wewe baki upande wa bonde, umsalimie shikamoo yake vizuri. Na usiburute gurudumu la nyuma ukishuka. Ule mfereji unaouchora na tairi lililofungwa, mvua ya usiku inaufuata. Masika yakiisha ni korongo, na mama yule ndiye anayekwenda kulivuka na tenga lake. Kwenye dimbwi pita katikati, polepole, ukiwa umeona jinsi lilivyo. Ukilizunguka unaipanua njia, na pembeni pale mara nyingi ni maharage ya mtu. Siku ambazo njia imelowa kiasi kwamba kila tairi linaacha shimo, mimi naenda barabara ya gari ya Soni. Naumia kuiacha njia, lakini naiacha.

Baridi nayo usiidharau kwa kuwa uko Tanzania. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na Magamba ni juu zaidi. Fulana ya pamba ikilowa inakugandia mwilini, ukiteremka na upepo vidole vinakufa ganzi, na vidole ndiyo breki zako. Funga fulana kavu ndani ya mfuko wa nailoni, uiweke chini kabisa ya begi.

Ukirudi, osha siku hiyo hiyo, kwa ndoo na brashi. Mashine ya presha ya kuoshea magari iache; inasukuma maji na mchanga ndani ya beringi. Futa mnyororo ukauke, tia tone moja la mafuta kwenye kila kiungo, kisha futa yanayobaki nje, maana yatakusanya vumbi. Halafu geuza baiskeli juu chini, zungusha gurudumu la mbele sikio lako likiwa karibu na ekseli. Ukisikia chembe zinasagika, fungua beringi jioni hiyo hiyo, usafishe na utie grisi mpya kabla hujaenda kulala.