Mama wa watu namwosha, wangu nani atamwosha?

Mwanangu,

Assalaam alaikum. Huku Tanga hatujambo, na bibi yako hajambo ila usiku halali vizuri. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote. Umesema hapo Ohio umepata kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kila asubuhi kazi yako ni kuwaosha na kuwavisha. Kisha ukaniuliza: "Mama wa watu namwosha, wangu nani atamwosha? Na siku nikikuweka mahali kama hapa, nitakuwa nimekutupa?" Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu tungeishia kulia.

Hutakuwa umenitupa. Lakini nina masharti, na naomba uyasome mpaka mwisho.

Kwanza kazi yako. Usiione haya hata kidogo, wala usikubali mtu wa nyumbani aisemee kwa mdomo wa pembeni. Mimi nimefanya kazi wodini, najua kumwosha mtu mzima ni ujuzi. Mama yako mdogo anapomwosha bibi, humwambia kabla hajamgusa: "Mama, sasa nakuosha mkono wa kulia." Maji huyajaribu kwa kiwiko. Kanga haimtoki bibi mwilini. Hufunuliwa upande mmoja, ukaoshwa, ukafutwa, ukafunikwa, ndipo akahamia wa pili. Akimaliza humgeuza ubavu na kukagua pale juu ya matako na kwenye visigino. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu upesi, kwa hiyo hutumia vidole: pakiwa pa moto kuliko pembeni, au pagumu, ujue kidonda kinakuja hata kama hapajachubuka. Mtu asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Mtu anayefanya hivyo kwa mama asiyemzaa, na akafanya kwa upole, anafanya jambo kubwa mbele ya Mungu.

Sasa hilo la kutupa. Sisi tunaamini mzee akiwa nyumbani kwake basi ametunzwa. Si kweli siku zote. Wodini nimepokea wazee walioletwa na ukoo mzima, watoto, wakwe, wajukuu, ukimfunua unakuta kidonda cha kuingia ngumi, na mwili umekauka kwa kukosa maji. Ukiuliza nani anamlisha, wanatazamana. Wengine huachiwa binti wa kazi wa miaka kumi na sita ambaye hakuna aliyemfundisha chochote, mlango umefungwa kwa nje, wenye nyumba wamekwenda kazini. Wale walikuwa kwao, na walikuwa wametupwa.

Hofu yetu ya makazi ya wazee najua ilikotoka, hasa kwa sisi watu wa Tanga. Mkonge uliletwa huku mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na mashamba yakahitaji watu kuliko waliokuwepo. Wakaletwa manamba kwa mikataba, kutoka Kigoma, Burundi, Msumbiji na kwingine. Babu yako alifanya nao kazi. Wengi hawakurudi kwao. Kamba za nailoni zilipoua soko la katani, mashamba yakadorora, na mtu aliyekata mkonge maisha yake yote akajikuta mzee, hana shamba wala ndugu wa kumpikia uji. Ndiyo maana sisi tukisikia makazi ya wazee, picha inayotujia ni ya mtu asiye na mtu. Na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 nayo ilikwenda hivyo hivyo: mzee atunzwe na familia na jamii yake, makazi yawe njia ya mwisho. Pale kwenye makazi ya wazee ya Mwanzange, hapa Tanga, wanaishi wazee wa namna hiyo, na mimi nashukuru pamekuwepo. Bila pale wangelala wapi?

Hiyo nyumba unayofanyia kazi, kwa ulivyonieleza, ni kitu kingine. Mzee ana chumba chake na mlango wake, amekuja na kiti chake na picha za watoto wake. Chakula wanakula pamoja ukumbini. Anayeweza kuvaa mwenyewe anavaa, asiyeweza kufunga vifungo anasaidiwa vifungo tu. Dawa zinatolewa kwa saa zake. Haijawa hospitali. Hilo la kusaidiwa pale tu unaposhindwa limenigusa sana, kwa sababu huku tukimpenda mzee tunamnyang'anya kila kitu, hata kijiko. Bibi yako bado anaweza kuchambua mchele. Anachambua polepole, na punje nyingine zinaanguka, lakini siku akichambua hula vizuri na maneno yake hunyooka. Mama yako mdogo sasa haruhusu mtu amwondolee ungo.

Kilichonishangaza ni gharama. Zaidi ya dola 4,000 kwa mwezi, na bima ya wazee ya serikali yao, hiyo Medicare, hailipii chumba wala chakula. Watu wanauza nyumba ili walipe. Kwa hiyo huku kwetu huingii makazi mpaka uwe huna mtu, na huko huingii nyumba kama hiyo mpaka uwe na mali, isipokuwa fukara wanaosaidiwa katika baadhi ya majimbo. Kati ya hao wawili kuna watu kama sisi, wenye ndugu wengi na hela kidogo, na hao ndio wasiojengewa kitu.

Ila kuna jambo natamani tungelikuwa nalo. Umesema kila jimbo lina ofisi ya kusikiliza malalamiko ya wazee waliomo kwenye nyumba hizo, na namba yake imebandikwa ukutani mzee mwenyewe aione. Hilo ni jambo la maana sana. Mzee wa huku akifinywa na mlezi, au na mwanawe wa kumzaa, atamwambia nani?

Haya, masharti yangu. Anayeniosha awe mwanamke. Niletewe maji ya udhu, na nikishindwa nisaidiwe kutayamamu, na nionyeshwe kibla hata nikisahau nimeshaswali. Nisivuliwe nguo mlango ukiwa wazi. Nisifungwe kitandani kwa sababu wahudumu ni wachache.

Na nisiwekwe nchi ambayo hakuna anayesikia lugha yangu. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu naliona kwa bibi yako. Usahaulifu wake, ambao ni ugonjwa wa ubongo na hakuna aliyemroga kama shangazi zako wanavyosema, unamrudisha nyuma kila mwezi. Kiswahili chenyewe kinampotea, anaomba maji kwa Kibondei. Kiingereza changu mimi unakijua kilivyo. Siku nitakapohitaji choo nikaita kwa Kibondei hapo Ohio, nani atakuja? Usije ukanikatia tiketi kwa huruma.

Sharti kubwa kuliko yote ni kwamba ukinipeleka mahali, popote, kazi yako haijaisha. Unachokodi ni mikono tu. Dawa zangu uzijue kwa majina. Mtu wa damu yangu awe anakuja bila kutoa taarifa, mara asubuhi, mara usiku, akae, ale nilichopikiwa mimi. Uwaambie wahudumu mimi ni nani, kwamba nilikuwa wodini, kwamba nikiamka usiku wa manane na kutembeatembea huenda natafuta wagonjwa wangu, wasinigombeze. Hayo hayamo kwenye faili la hospitali. Ukiyafanya, hata nikilala kwenye kitanda cha serikali sitakuwa mtu wa kutupwa. Usipoyafanya, unaweza ukanijengea ghorofa Raskazone nikafia humo peke yangu.

Bibi yako hatuhamishi popote. Anaijua nyumba hii ya Makorora hata gizani, akitolewa hapa atapotea zaidi. Kila alasiri anamuulizia babu yako, kama ameshatoka shamba. Zamani tulimjibu kwamba amefariki, naye akalia kama ndiyo kwanza anapata habari. Siku hizi mama yako mdogo humuuliza, "Akija tumpikie nini?" na wanaanza kuongea habari za samaki wa nazi mpaka wasiwasi unapita. Hakuna aliyemfundisha.

Ninayemhofia ni yeye, mama yako mdogo. Mgongo unamuuma, na hajatoka hapa Makorora tangu mfungo. Wajomba zako wanatuma hela, wanapiga simu, wanauliza "mama anaendeleaje", basi wamemaliza. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa hiyo zile hela unazoweka kwa ajili ya kitanda cha umeme, naomba usinunue kitanda. Nimeongea na mwanamke mmoja aliyekuwa mhudumu wa wodi, yuko tayari kuja asubuhi kumwogesha bibi na kumtembeza uani. Tumlipe yeye. Kinachobaki kitatia vishikio chooni na kuondoa kile kizingiti kinachomkwaza. Mama yako mdogo apate siku zake za kwenda Pangani kwa mwanawe, alale usiku mzima.

Mjomba wako wa Dar nimeshamwambia kwamba mwezi ujao anakuja mwenyewe, analala hapa wiki nzima, na pampasi atabadilisha. Alinyamaza kidogo, halafu akakubali. Ukiongea naye mkazie.

Na wewe nina kazi yako. Umenieleza kuna mkanda mnamfunga mzee kiunoni, mnaushika wakati wa kumwinua kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, ili msimvute mikono. Mama yako mdogo anamwinua kwa kumkumbatia kwapani, na ndiko mgongo wake unakoharibikia. Jumapili jioni, kwenu ikiwa asubuhi, piga simu ya video umwonyeshe miguu anaiweka wapi na nguvu inatoka wapi. Mkanda kama huo fundi wa hapa atatushonea, wewe nitajie upana wake tu.

Mama yako