Sherehe bila pilau, na watu walishiba

Jumapili ya Mwili na Damu ya Kristo mwanangu wa pili alipokea komunio ya kwanza. Tukarudi nyumbani hapa Nkuhungu, Dodoma, watu wakala, watoto wakacheza mpaka vumbi likawa rangi ya shati jeupe, na saa moja jioni nikafunga geti. Sidaiwi na mtu. Kikundi hakinidai, mangi wa dukani hanidai, na mume wangu hakulala ananuna.

Usiku nikaweka picha chache. Asubuhi nikakuta ujumbe wa dada mmoja wa Kondoa: "Dada, nina kipaimara cha mwanangu Desemba. Mfukoni nina laki mbili tu. Nifanye au niache?" Nilimjibu kwa mistari miwili. Halafu nikaona mistari miwili ni uchoyo, maana nami kuna siku nilihitaji kuambiwa na hakuna aliyeniambia.

Miaka minne iliyopita ilikuwa zamu ya binti yangu mkubwa. Wakati ule tulikuwa na miaka mitatu tu Dodoma, nami nikataka upande wa mume wajue kwamba huyu msichana wa Tanga hakuokotwa. Nikakodi ukumbi. Nikaweka mapambo ya zambarau na fedha, mshereheshaji na muziki, na chakula nikampa mtu wa kupika. Mapambo peke yake yalikula laki tatu. Jumla ikafika milioni moja na laki tatu na nusu, na katika hizo laki nane nilikopa kwenye kikoba.

Kadi zilikuwa za watu 80. Chakula kilikuwa kifike saa saba, kikafika saa kumi. Pilau ikaishia meza ya sita, na meza ya saba walikaa ndugu wa mume. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani tupu mkononi nikamsikia wifi yangu akimwambia mwenzake, wala hakushusha sauti: "Kumbe tumeitwa kula mapambo."

Nimesamehe. Padri alituambia tusamehe, nikasamehe. Ila nikiona kitambaa cha zambarau mpaka leo tumbo linakoroga.

Ile laki nane niliilipa kwa miezi kumi na moja pamoja na riba. Miezi hiyo sina haja ya kuisimulia, kila aliyewahi kudaiwa na wanawake wenzake thelathini anaijua.

Sasa safari hii. Jambo la kwanza nililofanya halikuhusu chakula kabisa, lilihusu saa. Kwenye mwaliko niliandika saa tisa alasiri. Mtu ukimwita saa saba umemwita mchana, na mchana wa Mtanzania ni wali, nyama, mboga, tunda na soda. Ukimwita saa tisa, ameshakula kwake. Anakuja kukaa, kuonja, kunywa na kumpa mtoto zawadi. Saa mbili hizo ndizo zilizoniokolea pesa kuliko ujanja wowote wa jikoni.

Mume wangu alikataa. "Watu watoke Mvumi waje kukuta sambusa?" Tulibishana siku tatu. Mwisho tukaelewana hivi: wazee watano waliosafiri watakula chakula kamili chumba cha ndani, ugali wa uwele, mlenda na kuku mmoja wa kienyeji, na wengine wote ni vitafunwa uani. Na wazee ndio waliofurahi kuliko watu wote. Mama mkwe alisema pilau ya mjini humkaa tumboni kama jiwe.

Jambo la pili ni kununua mapema. Komunio haivamii mtu. Mtoto anakwenda mafundisho mwaka mzima na zaidi, tarehe unaijua, halafu wiki ya mwisho unakimbia Majengo sokoni kama umefiwa! Mimi nilianza Januari. Kila Ijumaa elfu tano kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo nikampa binti yangu alilinde, kwa sababu mwenyewe sijiamini. Ikijaa kidogo nanunua kitu kisichooza: sukari mwezi huu, unga wa ngano mwezi ule. Mafuta nilisubiri alizeti mpya itoke mashambani, nikachukua dumu la lita tano moja kwa moja mashineni. Wengi wetu hapa mjini tunanunua mafuta ya kupima, ya mia tano leo na ya mia tano kesho, katika mkoa unaolima alizeti! Piga hesabu ya mwezi mmoja ya hayo mafuta ya kupima, kisha uniambie nani anamlisha nani.

Karanga, kunde na ubuyu alileta mama mkwe kwenye kiroba. Viti tuliazima jumuiya yetu ya kanisani. Jumuiya nyingi zina viti na masufuria makubwa yamekaa tu, na sisi tunapita tunaenda kukodi.

Nimezaliwa Tanga, mama yangu alitusomesha kwa bagia na kachori, kwa hiyo mikono hii haikuanza jana. Wageni walikuwa 45: wakubwa 25, watoto 20. Hesabu yangu ni vipande saba kwa mkubwa na vitano kwa mtoto. Hiyo inakuja 275. Nikagawa: sambusa 100, bagia 70, kachori 60, vitumbua 45. Keki, bisi na kashata za karanga sikuzihesabu humo, hizo ni za kuwaziba watoto midomo wakati wakubwa wanapiga picha.

Sambusa ndiyo inayowatisha watu, na kinachowatisha ni manda, ile ngozi nyembamba ya kukunjia nyama. Kilo mbili za unga zimenitolea zote mia. Kanda unga na chumvi, mafuta kidogo na maji ya uvuguvugu, uwe mgumu kuliko wa chapati. Upumzishe nusu saa. Kata madonge madogo, sukuma kila moja liwe kama kisahani, paka mafuta, nyunyiza unga mkavu, weka jingine juu, mpaka yawe manne au matano. Hapo sasa sukuma yote kwa pamoja mpaka yawe mapana. Yaweke kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, uyageuze kabla hayajapata rangi. Ukitoa, yabandue yangali ya moto. Yakipoa yanashikana, na utalia. Funika kwa kitambaa chenye unyevu, maana upepo wa Dodoma mwezi wa sita unakausha manda kabla hujasema Yesu. Mwaka jana nilijaribu kuzikunja nje chini ya mwarobaini, zikavunjika zote kama majani makavu.

Nyama nilichukua kilo mbili na nusu ya kusaga, nikaichanganya na viazi vilivyokatwa vidogo sana, karoti na vitunguu vingi. Kaanga nyama mpaka maji yote yaishe, kisha iache ipoe kabisa. Nyama ya moto au yenye maji inalowesha manda, sambusa inapasuka kwenye mafuta, na mafuta yakishaingiwa na nyama yanaharibu zote zinazofuata. Kitunguu kitie mwishoni ukishaepua. Gundi ni unga na maji. Mimi nilikunja Jumatano na Alhamisi, nikagandisha kwenye friji la jirani, Jumapili nikatoka kanisani moja kwa moja kwenye karai.

Bagia ni kunde zilizolowekwa usiku, zikamenywa na kusagwa na kitunguu swaumu na pilipili. Kachori kila mtu anaijua. Vitumbua kwetu Tanga ni vya tui, lakini nazi ikifika Dodoma imeshalipa nauli na posho ya safari, kwa hiyo nilitumia maziwa na iliki. Hakuna aliyeuliza.

Keki niioke mwenyewe kwenye sufuria, nilisema. Ya kwanza iliungua chini, juu ikabaki uji. Kosa lilikuwa moto: niliweka mkaa mwingi chini. Kwa keki ya jiko la mkaa, makaa mengi yanakaa juu ya mfuniko, chini unaacha machache tu. Ya pili, nusu kilo ya unga, robo ya sukari, robo ya siagi, mayai sita, vijiko viwili vya chai vya beking pauda na nusu kikombe cha maziwa, ilitoka nzuri mpaka nikaipiga picha pande zote nne. Ile iliyoungua nilikata upande uliosalimika, nikaukausha, watoto wakala na chai wiki nzima. Chakula hakitupwi nyumba hii.

Vinywaji ndipo nilipojivunia zaidi. Kilo nne za ubuyu, huu wetu mweupe wa mbegu, siyo ule mwekundu wa peremende. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu yaliyokwisha chemshwa, acha saa nzima, sugua kwa mkono mpaka mbegu zibaki tupu, chuja mara mbili, tia sukari na iliki. Nilipata ndoo ya lita ishirini. Usiuchemshe ubuyu wenyewe, vitamini C haipendi moto. Ndoo ya pili, ndogo, ilikuwa rozela.

Na hapa ndipo wifi alipofika. Akakaa, akatazama uani, akatazama meza, akasema, "Kwa hiyo hata soda hakuna?" Niliitika tu, "Hakuna, wifi, karibu ubuyu." Alikunywa bilauri nne. Nilihesabu. Najua si vizuri kuhesabu, lakini nilihesabu.

Wanawake wenzangu, hebu tuambiane ukweli. Tunaandaa sherehe kwa ajili ya nani? Mtoto wa miaka kumi hajui mapambo ya laki tatu. Anajua keki, bisi, na kwamba mama yake siku hiyo hakuwa na hasira. Binti yangu nilipomuuliza anakumbuka nini kwenye komunio yake, aliniambia, "Nakumbuka ulikuwa unalia chooni." Nilidhani hakuniona. Tunakopa ili tuwafunge midomo watu ambao midomo yao haifungiki, na watoto ndio wanaokunywa uji mkavu miezi kumi na moja. Mungu hakusema tumshukuru kwa mkopo. Mwenye nazo afanye ukumbi, afanye hata tatu, simchukii. Lakini usiniambie huna namna wakati kila Ijumaa elfu tano inaishia kwenye vocha na chipsi.

Basi, dada wa Kondoa, jibu lako refu ni hili. Fanya. Mimi nimetumia laki moja na tisini na tano, pamoja na mkaa na yule kuku wa wazee, ila kumbuka ubuyu, karanga na kunde sikununua. Wewe uko Kondoa, shangazi mwenye karanga hukosi. Desemba mvua zimeshaanza, kwa hiyo omba turubai mapema na usitegemee kukaanga nje. Sukari na unga anza kununua mwezi huu. Mafuta usingoje Desemba. Waite saa tisa. Mtu akikuuliza pilau iko wapi, mpe sambusa.

Kuhusu kontena: vitafunwa vikibaki, wape wageni kwenye mifuko ya karatasi. Mimi zilibaki sambusa kumi na tisa, wifi akaomba za watoto wake, nikamwekea zote kwenye kontena langu jipya lenye mfuniko wa bluu. Leo ni siku ya tisa.