Nyumba ya wikendi: sola kwanza au kusawazisha kiwanja?
Ndugu, kati ya sola na kusawazisha kiwanja, mimi ningeviacha vyote kwanza. Kalale pale hata kwenye hema, mvua ikinyesha uone maji yanapita wapi. Mteremko usiuchimbe, inua nyumba juu ya nguzo, maji yapite chini na miti ibaki (hicho kivuli huwezi kukinunua). Kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, maana jua la asubuhi na jioni huingia chinichini, upenu haulizuii. Halafu tangi la maji ya mvua: paa la mita 50 za mraba, mvua ya milimita 10, ni karibu lita 500, ukiacha yanayopotea. Sola? Ndogo tu, ya taa na friji. Si unakaa siku mbili kwa wiki!