Takwimu za afya ya akina baba

Mama, umeuliza kama kijana wako aliyesomea takwimu hapa Bukavu anaweza kweli kupata riziki kwa kuchunguza afya ya wanaume na hali ya familia zao. Anaweza, na kazi yenyewe si ya kukaa mbele ya kompyuta tu. Katika uchunguzi wa kitaifa wa watu na afya wa hapa Kongo (DRC) wa 2013-2014, wanawake walihojiwa katika kaya zote zilizochaguliwa, lakini wanaume wa miaka 15 hadi 59 walihojiwa katika nusu tu ya kaya hizo. Kisha mhoji anafika Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, saa nne asubuhi, anamkuta mama akipepeta mchele mlangoni, naye baba alishatoka tangu alfajiri kwenda kutafuta. Ukiwahesabu wale tu waliokutwa nyumbani, wagonjwa na wasio na kazi wataonekana wengi kuliko walivyo mtaani, na hapo ndipo mtaalamu anapostahili mshahara wake: kupanga ziara za jioni, kuyapa majibu uzito unaofaa (ya wale wanaokutwa kwa nadra yahesabike zaidi), na kutokubali mke ajibu juu ya shinikizo la damu ambalo mumewe hajawahi kupimwa. Ajifunze R, programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu, ambayo hailipiwi, na (hili vijana hulidharau) Kifaransa safi cha kuandikia ripoti.