Usimuulize mtu "Uko sawa?": niliyojifunza nikisomea kuongoza misafara ya skii Norwe

Ilikuwa Machi, saa saba mchana, kwenye uwanda mweupe nje ya Finse. Mwalimu wetu alinisogelea akiwa ameinamisha kichwa kuukwepa upepo, akaniambia kwa sauti kubwa sikioni: "Mtu wa tano kwenye mstari wako, mara ya mwisho kasema nini?"

Siku hiyo ilikuwa zamu yangu kuongoza. Nyuma yangu walikuwa watu wanane, na jibu sikuwa nalo. Nikarudi nyuma nikiwahesabu. Wa tano alikuwa dada mmoja mpole, mwenye nguvu kuliko wengi wetu, na mkono wake wa kulia alikuwa ameuficha kwapani. Glavu yake ya nje ilipeperushwa tulipopumzika, karibu saa nzima iliyopita. Kwenye mapumziko hayo hayo nilikuwa nimempitia kila mmoja nikiuliza, "Uko sawa?" Naye akanijibu kuwa yuko sawa. Tulipomvua ile glavu nyembamba ya ndani, ncha za vidole viwili zilikuwa nyeupe kama nta.

Tuliwahi. Tulijifunika wote kwa turubai jepesi la kukingia upepo, yeye akavibana vidole kwenye ngozi ya tumbo lake, tukasubiri. Hakuna kusugua, wala kupaka theluji kama wazee wengine wanavyosimulia, maana kusugua kunachana nyama iliyoanza kuganda. Damu iliporudi, maumivu yake yalimtoa machozi. Kisha tukageuza skii, vile vibao virefu vya kutelezea juu ya theluji, na kurudi stesheni.

Naandika kwa ajili ya saa ile moja niliyoipoteza. Nimefundishwa mengi katika mafunzo yale, lakini hakuna lililonibadilisha kama hilo.

Nimezaliwa Marangu, na kabla ya kuhamia Bergen nilibeba mizigo Kilimanjaro kwa misimu mitatu. Kule adui ni hewa. Kileleni Uhuru, mita 5,895, oksijeni inayoingia kwa kila pumzi ni kama nusu ya ile unayoivuta Tanga. Finse iko mita 1,222 tu. Ni stesheni ya treni iliyo juu kuliko zote Norwe. Unashuka kwenye treni ya Oslo na Bergen na hatua ya kwanza unaikanyaga kwenye theluji. Mapafu hayapati shida yoyote. Shida ni upepo. Kipimajoto kikisoma nyuzi 10 chini ya sifuri na upepo ukivuma mita 15 kwa sekunde, ngozi iliyo wazi inapoa kana kwamba ni nyuzi 22 chini. Na hapana mti hata mmoja wa kujibanza nyuma yake.

Ila jambo moja ni lile lile katika milima yote miwili: watu wanaficha. Mgeni wa Kilimanjaro amelipa pesa nyingi, kwa hiyo kichwa kinamgonga usiku kucha na asubuhi anakwambia amelala vizuri. Mnorwe kwenye msafara wa kujitolea hajalipa nyingi, lakini hataki kuwa yule aliyewasimamisha wenzake kwenye baridi. Na sisi wenye Kiswahili tunalijua hili kuliko wote. "Habari za nyumbani?" "Nzuri." Halafu, baada ya nzuri hiyo, ndipo unaambiwa mtoto amelazwa na paa limeezuliwa. Salamu yetu ni adabu, na naipenda sana. Kosa langu lilikuwa kuipandisha mlimani na kuifanya kipimo cha usalama.

Basi ushauri wangu wa kwanza, na ungekuwa mmoja tu ningetoa huu: usiulize swali linaloweza kujibiwa kwa adabu. Sema, "Nioneshe mikono." Sema, "Chezesha vidole vya mguu wa kushoto, unavisikia vyote?" Mwambie akuoneshe chupa yake ya maji, uone imepungua kiasi gani. Wapange wawili wawili, kila mmoja awe mlinzi wa uso wa mwenzake, kwa sababu doa jeupe kwenye pua au shavu mwenyewe halioni wala halisikii. Msikilize aliyekuwa akiongea tangu asubuhi na sasa kanyamaza. Mtazame anayejikwaa pasipo na kitu, anayevuta maneno, anayehangaika na zipu ya koti lake mwenyewe. Huyo baridi imeshapita ngozi, imeingia mwilini, na hapo muda wa kuulizana umekwisha.

Jioni ile nilimuuliza yule dada kwa nini hakusema. Akanijibu bila hasira: "Nilijua wewe umetoka Kilimanjaro. Nikaamini kama kungekuwa na tatizo ungeliona."

Jibu hilo lilikaa nami muda mrefu. Baadaye darasani tulisoma kazi ya Ian McCammon, mtafiti wa Marekani aliyechunguza ajali za maporomoko ya theluji na kuonesha jinsi watu wenye elimu nzuri ya theluji wanavyonaswa na mitego ya akili. Mtego mmojawapo ni kumfuata anayeonekana mjuzi na kuacha kufikiri wenyewe. Kundi lilinivisha ujuzi ambao sikuwa nao. Nilijua mlima, sikujua upepo wa uwanda huu wa Hardangervidda. Tangu siku hiyo, kabla ya kuondoka, nawaambia watu kwa maneno wazi ninachokijua na nisichokijua, na namwomba kila mmoja anitajie jambo moja linalompa wasiwasi katika safari ya leo. Jibu la "sina" silipokei. Mara ya kwanza watu wanaona haya, lakini ikifika siku ya tatu wanasema kabla sijawauliza.

Sasa theluji yenyewe. Wengi wetu tuliokulia kwenye joto tunadhani theluji ni kitu kimoja. Ni matabaka, kama chapati za kusukuma: kila dhoruba inaongeza lake, na kila moja linabadilika baada ya kulala. Theluji ikiwa haba na baridi ikawa kali, ardhi chini inabaki karibu na sifuri huku hewa juu ikiwa nyuzi 20 chini. Mvuke unapanda kutoka chini na kuzigeuza punje kuwa fuwele zenye pembe, zisizoshikana, zinazomwagika mkononi kama sukari. Halafu upepo unakuja, unasomba theluji kutoka upande mmoja wa mlima na kuibandika upande wa pili kuwa bamba gumu. Bamba juu ya sukari. Wewe na skii zako mnakuwa uzito wa mwisho unaolivunja.

Mteremko wenye mwinamo wa nyuzi 30 na zaidi ndio unaoporomosha theluji, na macho yanadanganya. Niliwahi kuusimamia mteremko nikisema una nyuzi 25. Tulipoupima ulikuwa na 33. Jifunze kuusoma kwenye ramani kabla hujavaa viatu. Kwenye ramani ya 1:50 000 yenye mistari ya kila mita 20, mistari ikikaribiana chini ya milimita 0.7 umeshavuka nyuzi 30. Kumbuka pia kwamba hatari haiishii pale mteremko unapolala. Kanuni tuliyofundishwa ni kwamba poromoko linaweza kufika mbali mara tatu ya kimo lilichoanguka, hivyo bonde tambarare linalopendeza kulia chakula cha mchana linaweza kuwa ndiyo njia yake. Ukisikia "vumf" chini ya miguu kama mtu kakaa kwenye kochi kuukuu, au ukaona ufa unakimbia mbele ya skii, mlima umeshakujibu. Ondoka ulivyokuja.

Norwe ina huduma ya serikali iitwayo Varsom inayotoa tahadhari ya maporomoko kila siku wakati wa baridi, kwa daraja la 1 hadi la 5. Wageni wanaiogopa 5. Mimi naiogopa zaidi 3. Siku ya 5 watu wanabaki nyumbani, lakini siku ya 3 jua linawaka, theluji ni mpya, na kila mtu ana sababu nzuri ya kutoka.

Kila mtu avae kifuani kifaa cha redio cha kutafutia waliofukiwa, abebe koleo na fito ndefu ya kukunja ya kuchomea theluji, na kiongozi ahakikishe vifaa vimewashwa kwa kuwapitisha watu mbele yake mmoja mmoja. Kisha mfanye mazoezi mpaka mchoke. Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika 10 za kwanza ana nafasi kubwa ya kuishi. Ikifika nusu saa nafasi hiyo imeporomoka. Helikopta haifiki kwa dakika 10. Mara ya kwanza nilitumia dakika 19 kukipata kifaa kilichozikwa ndani ya begi. Nilikaa kwenye theluji nikilitazama lile begi nikifikiria ingekuwa mtu, na wiki zilizofuata nilifanya mazoezi kila Jumamosi mpaka nikashuka chini ya dakika 6.

Kuna njia mbili za kuongoza huku, usizichanganye. Chama cha utalii wa milimani, DNT, kilichoanzishwa mwaka 1868, kinafundisha viongozi wa kujitolea: unaanza na mafunzo ya msingi, kisha ya majira ya baridi. Tulichofundishwa zaidi ni kuchagua njia zinazokaa mbali na miteremko ya hatari. Ukitaka kuwapeleka watu kwa malipo kwenye miteremko mikali yenyewe, hiyo ni kazi ya waongozaji wenye cheti cha kimataifa, hapa wanaunganishwa na chama chao, Nortind, na ni safari ya miaka. Mimi niko njia ya kwanza na nimeridhika nayo.

Kabla ya kujiandikisha, lala nje. Lala kwenye hema Februari, siku mbili mfululizo, na ujifunze kuyeyusha theluji kwa jiko huku mikono ikiwa ndani ya glavu. Usivae pamba hata ya ndani, vaa sufu. Anza kutembea ukiwa unasikia baridi kidogo, kwa sababu jasho la saa nne asubuhi ndilo barafu la saa nane mchana. Tembea na dira kwenye ukungu mzito, pale ambapo mbingu na ardhi ni weupe mmoja na hujui kama unashuka au umesimama. Omba kuwa msaidizi wa kiongozi mwingine, na uchague nafasi ya mwisho kwenye mstari. Mkiani ndiko unakojifunza watu.

Roald Amundsen, aliyefika Ncha ya Kusini Desemba 1911, karibu miaka 16 kabla yake alikaribia kufa hapa hapa Hardangervidda. Januari 1896 yeye na kaka yake Leon walipotea wakijaribu kuuvuka uwanda huu, na usiku mmoja theluji mbichi ikaganda kumzunguka shimoni alimolala, ikabidi kaka yake amfukue. Huwa nawasimulia watu hadithi hii pale stesheni, hasa vijana wenye afya na haraka.

Pasaka ya 1967 watu 18 walikufa katika milima ya Norwe, na baada ya hapo kanuni za milimani zikasambazwa upya nchi nzima; watoto wanazijua kama sisi tulivyojua nyimbo za shule. Ya nane inasema geuka mapema, kugeuka si aibu. Kuitamka ni rahisi. Kuifanya huku wanane wanakutazama na kibanda kiko kilomita nne mbele ni kazi, kwa hiyo iamue ukiwa kwenye joto. Mimi naandika saa ya kugeuka kwenye ramani usiku uliotangulia, nawasomea wote asubuhi, na ninamkabidhi mtu mwingine kazi ya kuikumbusha.

Na glavu: kila msafara ninaouongoza sasa una jozi mbili za ziada juu kabisa ya begi langu, si chini, na glavu zote za nje zina kamba za kufunga kwenye vifundo vya mikono, kama za watoto wa chekechea wa Bergen. Kabla treni haijaondoka stesheni, namwomba kila mtu anyooshe mikono nizione kamba.