Adapta ya diski kwa Linux: tazama chipu, si boksi

Umeuliza adapta gani ya SATA (kiunganishi cha diski za kompyuta) kwenda USB itaelewana na Linux. Ndugu, karibu zote husoma diski bila kuweka draiva yoyote. Kazi iko kwenye chipu ya ndani, maana adapta mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kubeba chipu tofauti kabisa. Chukua yenye UASP (njia ya kasi ya kupitisha data za diski kwenye USB, Linux huiita UAS), na muuzaji aitaje chipu yenyewe, mfano ASM1153E. Asipoitaja, mimi napita.

Ukishachomeka, andika lsusb -t kwenye terminali; inaorodhesha vifaa vya USB na draiva zake. Ukiona Driver=uas, mambo safi. Yangu moja ilikuwa inakatika kila nikinakili mafaili makubwa, dmesg (kumbukumbu za ujumbe wa kerneli, yaani kiini cha Linux) imejaa makosa ya uas_eh_abort_handler. Nikaizimia UAS kwa kuongeza usb-storage.quirks=VVVV:PPPP:u kwenye vigezo vya kuwashia kerneli (hizo herufi unaweka namba za adapta yako, lsusb inazionyesha). Ikatulia, ingawa mwendo ulipungua.

Halafu umeme: diski ya inchi 2.5 hutosheka na volti 5 za USB, ila ya inchi 3.5 inataka na volti 12, kwa hiyo adapta lazima ije na chaja yake. Jaribu pia smartctl -d sat -a /dev/sdX (inasoma afya ya diski kupitia adapta; sdX ni jina la diski yako) mapema, ungali unaweza kuirudisha adapta dukani ikishindwa.